"Raia Mwema" Ametoa Taarifa. Na Mtuhumiwa Atasikilizwa Lini?



Mimi nina kijiduka cha steshenari hapa Inyonga. Printa moja, mashine ya fotokopi ambayo kila masika inagoma kwa unyevu, na kompyuta niliyoachiwa na kaka. Ukikaa kwenye duka la namna hii miaka kadhaa unajua mambo ya watu kuliko padri. Watu wanakuja kuchapisha barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao vya kijiji, mikataba ya kuuziana mashamba. Na wapo wanaokuja na barua ambazo mwanzoni nilidhani ni utani: barua za kujieleza kwamba wao ni Watanzania.

Barua iliyonifanya leo niandike ni ya shemeji yangu, mume wa dada. Ana miaka arobaini na kitu. Baba yake alikuwa Muha wa Kasulu, alikuja huku kutafuta shamba la tumbaku, akaoa Mkonongo, akazaa, akazeeka, akafa na akazikwa hapahapa. Shemeji alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi, kama mimi, na kama karibu wote wa rika lake. Cheti cha kuzaliwa hana. Ana kadi ya mpiga kura, ana namba ya NIDA, ana cheti cha darasa la saba. Mwaka 2024 akachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji kwa chama chetu. Haikupita muda akapigiwa simu: njoo ofisini, kuna mambo ya kufafanua.

Ofisi yenyewe siitaji, wala ilipo siutaji mji wake, maana suala bado linaendelea na sitaki mtu aumie kwa ajili ya makala yangu. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alipoingia akaulizwa babu yake mzaa baba amezikwa wapi. Akaulizwa majina ya ndugu wa babu. Akaambiwa ahesabu kwa Kiha. Akahesabu, kwa sababu ni lugha ya baba yake, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana kabisa. Kumbe hilo nalo likaandikwa. Yaani angeshindwa kuhesabu wangesema Muha gani hajui Kiha. Ameweza, basi ni Mrundi.

Mwishoni ndo akaambiwa kilichomleta. "Tuna taarifa kutoka kwa raia mwema kwamba wewe si Mtanzania." Akauliza, raia mwema gani? Hilo hatuwezi kukwambia. Akauliza, basi kasemaje? Kwamba nilizaliwa wapi? Niliingia mwaka gani? Nilipita mpaka upi? Hilo nalo hatuwezi kukwambia, ni taarifa za siri.

Alirudi usiku na basi, asubuhi akaja dukani kwangu tukachapa barua. Ukurasa mmoja. Hatukuomba jina la mtu. Tuliomba tu waandike tuhuma yenyewe ni nini, ili ajue anajibu nini. Mpaka leo hajapata maandishi. Alipofuatilia kwa mdomo akajibiwa vilevile: siri.

Sasa hebu kamanda jiweke kwenye kiti kile. Mtu akikwambia umeiba baiskeli ya Juma siku ya Jumanne, unaweza kusema Jumanne nilikuwa Tabora, tiketi hii hapa. Mtu akisema ulizaliwa Makamba, Burundi, mwaka 1980, unaweza kumleta mkunga, au jirani, au daftari la mahudhurio la shule. Lakini mtu akikwambia "kuna mtu amesema kitu", utamleta nani? Utabaki unajieleza maisha yako yote tangu mwanzo, ukitumaini kwa bahati utagusa kile kitu usichokijua. Na ukikosea tarehe moja, ukasema 1994 badala ya 1995, hapohapo unaambiwa unajichanganya.

Hapa kwetu hata kesi ya mbuzi kula mahindi haiendeshwi hivyo. Nenda baraza la kata: mwenye mahindi anasimama, anasema mbuzi wa fulani, siku fulani, mistari mingapi imeliwa. Mwenye mbuzi naye anasimama. Kwa Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe zao, hata sungusungu, pamoja na makosa yao yote ambayo tunayajua, wanakuita mbele ya watu na wanakutajia ulichofanya. Mbuzi na mahindi vinapata haki hiyo. Uraia wa mtu haupati.

Kuna watakaosema naongea kishabiki kwa sababu ni shemeji na ni mgombea wetu. Sawa. Tumwache shemeji kwanza, tuangalie mkoa.

Katavi si mkoa wa kawaida kwenye mambo haya. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa kwenye makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo yote yako ndani ya mkoa wetu wa sasa, na Ulyankulu kule Tabora. Wakapewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima. Zaidi ya miaka thelathini baadaye serikali ikawapa uchaguzi: kurudi au kuomba uraia. Wengi wakaomba, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa mwaka 2010. Vyeti vyenyewe wakaanza kukabidhiwa mwaka 2014. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: serikali ya CCM ilifanya jambo kubwa pale, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimewahi kulifanya kwa wakimbizi wengi kiasi kile kwa mpigo.

Lakini matokeo yake ya pembeni ni kwamba huku kwetu neno "Mrundi" liko mdomoni muda wote. Mtu akitaka kukushinda kwenye mpaka wa shamba, Mrundi. Ukimkatalia posa, Mrundi. Ukigombea, ndo kabisa. Na Waha waliokuja kwenye tumbaku kutoka Kigoma wanabeba mzigo usio wao, kwa sababu ya lugha tu. Kwenye mkoa wa namna hii, "raia mwema" hana kazi ngumu. Anahitaji simu yenye salio.

Wakubwa wetu pia wanakumbuka Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 kule Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoshwa kwenda Rwanda, Burundi na Uganda, wakiwemo waliokuwa wameishi hapa miaka mingi, na wenye ndoa na watoto Watanzania. Unapoondoa watu kwa haraka namna ile, unategemea nini kujua nani ni nani? Unategemea midomo ya majirani.

Twende kwenye sheria, na nitajitahidi nisiwachoshe.

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Angalia hapo: au chombo kingine chochote. Si mahakama peke yake. Mahakama ya Rufani ikaliweka wazi kwenye kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina George Mwakyoma, ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua: haki ya kusikilizwa si hisani, wala si kanuni tu tuliyoachiwa na Waingereza, ni haki ya kikatiba. Na kabla ya hapo, kwenye kesi ya James Gwagilo, Mahakama Kuu ilisema hata Rais anapomwondoa mtumishi "kwa manufaa ya umma" anatakiwa atoe sababu.

Hayo ni maneno mazuri. Sasa fungua Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, kifungu cha 23. Kinasema Waziri halazimiki kutoa sababu ya uamuzi ulio kwenye hiari yake, na uamuzi huo haukatiwi rufaa wala haupitiwi na mahakama yoyote. Umeona? Huku Katiba inasema usikilizwe na ukate rufaa, huku sheria inasema nyamaza. Mawakili watakwambia Mahakama Kuu haikubali kirahisi kufungiwa mlango na kifungu cha namna hiyo, na ni kweli. Lakini mkulima wa Utende au Ilunde atampata wapi wakili wa kwenda kubishana juu ya hilo? Nchi nyingine zina baraza au mahakama maalumu ya rufaa za uhamiaji. Kwetu ngazi ikipandwa inaishia kwa Waziri, na Waziri ndiye huyohuyo mwenye idara iliyokuita.

Kesi ambayo natamani kila kijana wa chama aijue ni ya Anudo Ochieng Anudo. Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1979, mwenye cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 akaenda kituo cha polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Ndoa tu, makamanda. Pale ndipo akaambiwa uraia wake una mashaka, pasipoti ikachukuliwa. Miaka miwili ikapita. Agosti 2014 akaenda Uhamiaji mkoani Manyara kufuatilia pasipoti yake, akakamatwa, na mwanzoni mwa Septemba akapelekwa mpaka wa Kenya akavushwa. Kenya nao wakamfikisha mahakamani Homa Bay, wakaona si wa kwao, wakamrudisha. Tanzania ikamkataa. Akawa anaishi kwenye kile kipande cha ardhi kisicho cha mtu, kati ya nchi mbili, upande wa Sirari. Bila maji, bila choo, bila nchi.

Akaipeleka serikali Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hukumu ikatoka tarehe 22 Machi 2018. Upande wa serikali ulitegemea maelezo ya watu: huyu kasema hivi kuhusu wazazi wake, yule kasema vile. Mahakama ikasema mtu mwenye nyaraka za taifa mkononi si yeye wa kuthibitisha kwamba ni raia. Serikali inayomkana ndiyo ithibitishe. Na kama maneno ya mashahidi yanagongana kuhusu baba yake ni nani, kulikuwa na kipimo cha vinasaba, kwa nini hakikufanyika? Ikaona alinyang'anywa uraia kiholela, akafukuzwa kiholela, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Ikaiamuru serikali imrejeshee haki zake, na irekebishe sheria ili watu waweze kwenda mahakamani kwenye migogoro ya uraia.

Nasoma hukumu ile namwona shemeji. Tofauti ni kwamba Anudo angalau aliweza kujua nani kasema nini, na alijua kwa sababu mahakama ya nje iliilazimisha serikali kuweka karata mezani. Hapo ndipo yale maelezo yaliyoonekana mazito ofisini yakaonekana yanapingana yenyewe kwa yenyewe.

Ikafuata kesi ya Robert John Penessis, hukumu ya tarehe 28 Novemba 2019, naye serikali ikashindwa kwenye suala la uraia. Lakini wiki moja kabla ya hukumu hiyo, Novemba hiyohiyo ya 2019, serikali yetu ilikuwa imeshawasilisha notisi ya kujitoa kwenye tamko linaloruhusu mwananchi mmojammoja kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ile. Notisi ikaanza kufanya kazi Novemba 2020. Kwa hiyo leo shemeji yangu hawezi kupita njia aliyopita Anudo. Mahakama ipo Arusha, kwenye ardhi yetu, lakini mlango wake kwa Mtanzania wa kawaida umefungwa, na aliyeufunga ni serikali yake.

Nimeanza na watu wa kawaida makusudi, maana tukianza na wenye majina watu wanasema hayo ni mambo ya wanasiasa. Lakini wenye majina nao wapo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia: Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, Timothy Bandora, aliyekuwa balozi wetu Nigeria, pamoja na Anatoli Amani na Mouldine Castico, wote viongozi ndani ya CCM. Balozi! Mtu anawakilisha nchi, halafu nchi inagundua si wa kwake. Mwishoni mwa 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara akahojiwa kuhusu uraia wake, miezi michache baada ya kuzungumzia Katiba mpya. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Abdul Nondo, kiongozi wa wanafunzi kutoka Kigoma. Julai mwaka huohuo pasipoti ya Aidan Eyakuze wa Twaweza ikachukuliwa, wiki chache baada ya Twaweza kutoa matokeo ya utafiti wa maoni ambayo hayakuwafurahisha wakubwa. Mwaka 2019 mwandishi Erick Kabendera alipokamatwa, tulichoambiwa kwanza ni kwamba wanachunguza uraia wake. Alipofika mahakamani mashtaka yakawa ya uhujumu uchumi, uraia haumo.

Sisemi kila aliyehojiwa amehojiwa kisiasa. Ninachosema ni kwamba utaratibu ambao chanzo hakitajwi, tuhuma haitajwi na sababu haiandikwi, hauwezi kutofautisha uchunguzi wa kweli na fitina. Ofisa mwaminifu na ofisa aliyetumwa wanaonekana sawasawa, wote wanasema "raia mwema". Kama mimi ningekuwa ofisa mwaminifu wa Uhamiaji, na wapo, hicho kingeniuma sana.

Sasa upande wa pili, maana nataka tubishane kwa hoja, si kwa kelele. Watoa taarifa wanatakiwa kulindwa. Hapa Mlele tunaishi jirani na hifadhi. Anayetoa taarifa za majangili wenye bunduki akitajwa jina, familia yake iko hatarini. Hivyohivyo anayetaja magari yanayosafirisha vijana wa Kihabeshi wamefichwa nyuma kama magunia, biashara ambayo imeua watu wengi kwenye nchi hii. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ya mwaka 2015 ipo kwa ajili hiyo, na Sheria ya Ushahidi tangu zamani inamwacha polisi asitaje alikopata taarifa ya kosa. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Tukishika dola hata sisi tutawahitaji watu hao.

Ila kuna vitu viwili ambavyo vinachanganywa makusudi. Taarifa ya siri inayokufanya uanze kuchunguza ni kitu kimoja. Taarifa ya siri inayotumika kuamua ni kitu kingine. Ukiambiwa kuna pembe za ndovu nyumba fulani, unakwenda, unapekua, unazikuta. Hapo anayemfunga mtu si mtoa taarifa, ni pembe. Mtoa taarifa anaweza kubaki gizani milele na hakuna aliyeonewa. Lakini kwenye uraia, mara nyingi hakuna pembe. Kuna maneno tu. Ukiyaficha maneno umeficha kesi nzima.

Na kuficha jina si lazima kuficha tuhuma. Unaweza kumwambia mtu: inadaiwa ulizaliwa Burundi, ukaingia mwaka fulani ukiwa mtoto, ukaandikishwa shule kwa jina lisilo lako. Hapo hujamtaja mtu, na mtuhumiwa ana cha kujibu. Kama ni mambo ambayo mtu mmoja tu ndiye angeweza kuyajua, basi toa yale unayoweza kuyatoa, na mengine ayaone mtu huru.

Wenzetu wamehangaika na hili zaidi yetu, na hawajamaliza. Uingereza mwaka 1997 waliunda tume maalumu ya rufaa za uhamiaji zenye mambo ya usalama, baada ya kushindwa Ulaya mwaka 1996 kwenye kesi ya Chahal. Wakaweka wakili maalumu anayeruhusiwa kuona siri kwa niaba ya mtuhumiwa, ila akishaziona haruhusiwi kuongea naye kwa uhuru. Mmoja wa mawakili hao, Ian Macdonald, alijiuzulu mwaka 2004 kwa sababu ya jinsi mfumo ulivyotumika. Kanada nao, mwaka 2007 Mahakama yao ya Juu kwenye kesi ya Charkaoui ilisema huwezi kumfukuza mtu kwa siri ambazo hakuna aliye upande wake amewahi kuziona; sheria ikabadilishwa, wakaweka mawakili maalumu.

Marekani nayo ina kisa ambacho nimekipenda. Mwaka 1948 alifika New York mwanamke aliyeitwa Ellen Knauff, mke wa mwanajeshi wa zamani wa Marekani. Akazuiwa kuingia, hakuna kusikilizwa, sababu ni taarifa za siri. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ikasema serikali ina haki ya kufanya hivyo. Magazeti yakapiga kelele, bunge likapiga kelele, mwishowe mwaka 1951 akapewa kikao cha wazi. Zile siri zilipoletwa mezani, bodi ya rufaa ikaona ni maneno ya kusikiasikia, yasiyo na kitu cha kuyashikilia. Akaruhusiwa kuingia. Siri iliyokaa miaka mitatu kifuani ilikufa siku ilipotolewa nje.

Tunachodai basi hakihitaji hata Katiba mpya, ingawa Katiba mpya tunaidai palepale. Kifungu cha 23 kifutwe au kirekebishwe, kama Mahakama ya Arusha ilivyoamuru tangu 2018. Mtu akiitwa aitwe kwa maandishi, na maandishi yaseme anatuhumiwa nini. Uamuzi uandikwe na sababu zake. Rufaa iende kwa hakimu au jaji, na kama kuna siri ya kweli jaji aione yeye mwenyewe na apime kama inastahili kuwa siri. Na tamko la kule Arusha lirudishwe. Wabunge wetu walipokuwepo bungeni kwa wingi tungeweza kulisukuma hili zaidi ya tulivyolisukuma, tukubali.

Na tukubali lingine ambalo halitawapendeza baadhi yenu. Makamanda, sisi nasi tuna hii tabia. Nimeona kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: waziri akituudhi, "huyu Mnyarwanda". Mkuu wa wilaya akizuia mkutano, "huyu si wa hapa". Mtu akihamia chama kingine, ghafla tunakumbuka bibi yake alitoka Bujumbura. Tunacheka, tunatuma emoji. Ushahidi uko wapi? Tunasema "nimeambiwa na mtu wa uhakika". Mtu wa uhakika ni nani kama si raia mwema wa upande wetu? Mimi mwenyewe mwaka 2020 nilisambaza ujumbe wa namna hiyo kuhusu mgombea mmoja. Sikujua lolote kuhusu ukoo wake, nilikuwa na hasira tu. Nilipokuwa nachapa barua ya shemeji niliukumbuka, nikaona aibu peke yangu pale dukani.

Narudi kwa shemeji, halafu niwaache.

Ukimwambia mtu kuna raia mwema bila kumwambia kasemaje, unamwachia kazi ya kubuni. Shemeji akaanza kuhesabu maadui. Wa kwanza, mwenye ng'ombe waliyegombana naye kuhusu shamba. Wa pili, mpinzani wake wa kitongoji. Wa tatu, na huyu ndiye aliyemuuma, mzee jirani, Mkonongo wa siku nyingi, ambaye mwaka huo walikuwa hawaelewani kuhusu mizinga ya nyuki iliyowekwa kwenye miti ya mpakani. Akaamini ni yeye. Akaacha kumsalimia. Dada yangu akaacha kwenda kuteka maji kwenye kisima cha kwa mzee, akawa anazunguka mbali, na mimba ya miezi saba. Msiba ulipotokea kwa mzee hawakwenda. Kijijini watu wakaona, wakaanza kuchukua pande. Yote haya kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyeiona.

Miezi mitatu iliyopita mzee akaja dukani kwangu, na fimbo yake, na mjukuu wa kumshika mkono. Akakaa. Akasema, "Mjukuu wangu, nimesikia kijana wa marehemu anasumbuliwa. Wewe unajua kuandika. Andika." Nikaandika. Kwamba anamfahamu baba wa huyo kijana tangu alipofika na mkewe alipoolewa. Kwamba usiku huyo kijana anazaliwa mvua ilikuwa kubwa, na yeye ndiye aliyetumwa kwenda kumfuata mkunga, akamleta kwenye baiskeli. Alikumbuka mpaka jina la mkunga na nyumba yake ilipokuwa kabla ya watu kuhama. Tukaenda kuapa kwa hakimu. Nauli alijilipia.

Kiapo kimepelekwa. Kimepokelewa na kugongwa muhuri wa tarehe. Shemeji aliambiwa arudi baada ya siku ishirini na moja, akarudi. Akaambiwa faili limepelekwa ngazi ya juu. Aliuliza kama kile kiapo kimejibu ile tuhuma ama hakijaijibu. Ofisa akamwangalia, akamwambia hilo hawezi kulisema, kwa sababu akilisema atakuwa ametaja tuhuma.

Tarehe nyingine ni mwezi ujao. Kopi ya kiapo ninayo hapa dukani kwenye bahasha ya kaki, na nyingine anayo mzee kwake, ameiviringisha kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari pamoja na kadi yake ya TANU. Dada amejifungua salama, mtoto wa kike. Safari hii tumemwandikisha kliniki siku ya pili tu, na fomu ya cheti nimeijaza mimi mwenyewe.

Kamanda wenu, Inyonga, Mlele.